Picha za Malakia zilizobaki ndani ya kamera ya video: zilipigwaje, na zitaokolewaje?

Kamera ndogo za video zilizotumika katika harusi, misiba na sherehe za uhuru mjini Juba zilikuwa na uwezo ambao wengi wa wenye nazo hawakuutilia maanani: kupiga picha mnato na kuziweka katika kadi ya kumbukumbu. Kwa familia zilizotawanyika baada ya mwaka 2013, kadi hizo huenda zimebeba sura ambazo hazipo mahali pengine popote.

Malakia ni miongoni mwa mitaa ya zamani zaidi ya Juba, karibu na soko la Konyo Konyo. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya raia, yaani watu wasio askari. Katika enzi ya ukoloni nchini Sudan, jina hilo lilipewa mitaa iliyokuwa kando ya kambi za jeshi, walikoishi askari waliostaafu pamoja na jamaa zao. Ndiyo maana mji wa Malakal nao una Malakia yake. Watu wa asili mbalimbali walichanganyika humo, na Kiarabu cha Juba kikawaunganisha. Wasomaji waliokulia Kibera nchini Kenya au Bombo nchini Uganda watakitambua kwa urahisi, kwani Kinubi kinachozungumzwa huko ni ndugu yake wa karibu.

Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, safari za kwenda Juba ziliwezekana tena kwa watu waliokuwa ughaibuni miaka mingi. Wengi wao walikuwa wamepitia kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini mwa Kenya, na huko ndiko walikojifunza Kiswahili kabla ya kuhamia Australia, Marekani na Canada. Aliyefika kwao akitokea Melbourne au Omaha alipokewa kwa vigelegele, na kamera ya video ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotazamiwa kutoka katika begi lake. Ilirekodi mahari ikijadiliwa, bibi akibariki wajukuu ambao hajawahi kuwaona, na vijana wakicheza uani hadi jenereta inapozimwa.

Kisha ukaja mwaka 2011. Kura ya maoni ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari, na karibu asilimia 99 ya wapiga kura waliamua kujitenga. Tarehe 9 Julai, bendera mpya ilipandishwa mbele ya umati mkubwa penye kaburi la John Garang. Simu zenye kamera nzuri zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa kila mtu. Aliyetaka kuiweka siku ile alibeba kamera ya video.

Mapigano yaliyoanza Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na mengine ya Julai 2016, yaliwafanya watu wakimbie na walichoweza kukishika. Albamu ya karatasi ni nzito na huharibiwa na mvua. Kadi ya SD ina urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24, na uzito wake ni gramu mbili hivi. Hubebeka hata katika pindo la leso. Baadhi ya kadi hizo ziliokoka bila mtu kukusudia, kwa sababu tu zilikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa ndani ya begi.

Mashine moja, kazi mbili

Kamera ya video hutazama kwa lenzi moja na kihisi kimoja au vitatu vya mwanga, lakini kinachoonekana kinaweza kuandikwa mahali pawili tofauti. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Katika kamera za kanda ya Mini DV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, video iliandikwa kwenye kanda yenye nafasi ya dakika 60 kwa mwendo wa kawaida. Kamera za mwanzo zilikuwa na kitufe cha picha, ila hazikuwa na kadi: mtu alipokibonyeza, sura ile ile moja ilirekodiwa kwenye kanda kwa sekunde saba hivi, kana kwamba video imeganda. Kampuni ya Sony ilipoleta kadi yake ya Memory Stick mwaka 1998, na kadi ya SD ilipoingia sokoni mwaka 2000, watengenezaji walianza kutoboa tundu la pili katika mashine zao. Tangu hapo video iliendelea kwenda kwenye kanda, nayo picha mnato ikaenda kwenye kadi ikiwa faili ya JPEG, aina ile ile ya faili inayotolewa na simu nyingi leo.

Kwa hiyo kamera iliyorudishwa kutoka Malakia inaweza kuwa na vitu viwili visivyojuana. Familia huichukua kanda, huipeleka kwa fundi aihamishe kwenye kompyuta, kisha huitupa mashine. Kadi hubaki ndani yake, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki ambacho pengine hakijafunguliwa tangu siku kamera iliponunuliwa. Kamera nyingi ziliuzwa zikiwa na kadi ya megabaiti 8 au 16, nafasi iliyotosha picha makumi kadhaa za ukubwa mdogo, na si ajabu mwenye kamera kusahau kwamba kadi ipo. Mtoto aliyekuwa akichezea vitufe uani huenda ndiye aliyepiga picha zote zilizomo.

Namna ya kupiga ilitofautiana kidogo kwa kila kampuni, lakini msingi ulikuwa mmoja. Swichi ya kamera ilikuwa na hali mbili: ya kurekodi kanda, na ya kadi. Mpigaji alihamia hali ya kadi, akabonyeza kitufe cha PHOTO nusu ili lenzi ijilenge, akangoja alama kwenye kioo itulie, kisha akakibonyeza hadi mwisho. Aliyebonyeza haraka kwa pupa alipata picha yenye ukungu. Kwenye mashine nyingi iliwezekana pia kucheza kanda na kubonyeza kitufe hicho hicho ili kunakili sura moja kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kadi. Hii ilikuwa njia nzuri ya kupata uso wa mtu ambaye hakupigwa picha wakati wa uhai wake ila alipita mbele ya video.

Kuna faida nyingine iliyofichika. Kamera iliyonunuliwa Marekani hurekodi kanda kwa mfumo wa NTSC, ilhali Sudan, Afrika Mashariki na Australia zilitumia mfumo wa PAL. Ndugu aliyeletewa kanda kutoka Omaha aliweza kuona mistari ikipanda na kushuka kwenye televisheni yake na asione mtu. Faili ya JPEG haina mgogoro huo. Picha iliyopigwa na kamera ya Marekani uani Malakia hufunguka Perth au Nairobi pasipo tatizo.

Kwa nini picha hizo ni ndogo

Anayezifungua kwa mara ya kwanza katika kompyuta ya leo huvunjika moyo kidogo. Picha haijazi kioo, na akiikuza, nyuso hugeuka vijisanduku vya rangi. Si kwamba kadi imeharibika. Kamera nyingi za kanda zilihifadhi picha ya pikseli 640 kwa 480, yaani jumla ya pikseli 307,200. Sura moja ya video ya PAL kwenye kanda ina pikseli 720 kwa 576, kama laki nne na kumi na nne elfu. Kamera za video za ubora wa juu zilizofuata zilifikia 1920 kwa 1080, yaani takriban milioni 2.1, na simu ya kawaida ya leo hupiga milioni 12 au zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Kihisi cha kamera ya video kiliundwa kwa ajili ya video, ambayo wakati huo haikuhitaji zaidi ya nusu milioni ya pikseli. Kukifanya kikubwa kungepandisha bei na ukubwa wa mashine bila kuinufaisha kanda. Watengenezaji wengine waliandika kwenye boksi idadi kubwa ya pikseli za picha mnato, lakini sehemu ya pikseli hizo iliongezwa kwa hesabu za ndani ya mashine, si kwa kuona zaidi.

Kwa karatasi, tofauti hiyo ina vipimo. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ikichapishwa kwa ubora wa duka la picha, nukta 300 kwa inchi, inatoa kipande cha sentimita 5.4 kwa 4.1, kikubwa kidogo kuliko picha ya pasipoti. Ikipunguzwa hadi nukta 150 hufikia sentimita 10.8 kwa 8.1, na kwa jicho la mtu anayeitazama akiwa amekaa, bado inapendeza. Kuichapisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani ni kupoteza fedha. Programu mpya za akili mnemba huahidi kuikuza picha hadi ing'ae, na zinaweza kufanya hivyo, ila pale ambapo maelezo hayapo huyabuni. Pua ya babu inaweza kutoka nzuri sana lakini isiwe yake. Aliye na nakala moja tu ya sura ya marehemu hana budi kuihifadhi ile ya asili kando, hata kama ni hafifu.

Sura iliyotolewa kwenye video inayocheza ina kasoro moja zaidi. Mfumo wa PAL hugawa kila picha katika nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, na huonyesha nusu 50 kwa kila sekunde. Mkono wa mchezaji ngoma ukisogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, picha iliyosimamishwa huonyesha ukingo wenye meno kama chanuo. Programu za kuhariri video zina namna ya kuondoa meno hayo. Lakini tiba bora ni kuchagua nukta ambayo mtu ametulia: anapopumua kati ya maneno mawili, au anapomtazama mpigaji. Mtu aipitishe video polepole, sura moja baada ya nyingine. Katika sekunde moja kuna sura 25 za kuchagua.

Jua la Juba nalo limeacha alama yake katika picha nyingi. Kamera ya video hupima mwanga wa eneo zima. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa saba mchana, mashine hudhani kuna mwanga kupita kiasi, huupunguza, na uso huingia gizani. Kitufe cha BACK LIGHT kilikuwapo kwa ajili hiyo hasa, na wachache walikitumia. Giza hilo mara nyingi si la kudumu: kuongeza mwanga wa sehemu zenye kivuli kwa programu ya kawaida ya simu hurudisha macho na tabasamu kwa kiasi cha kushangaza, mradi kazi ifanywe kwenye nakala.

Kadi ina vyumba zaidi ya kimoja

Kuanzia mwaka 2006 hivi, kamera nyingi ziliacha kanda na kuandika video pia kwenye kadi, kwenye diski ngumu au kwenye kumbukumbu iliyojengwa ndani. Urahisi huo ulileta mtego mpya.

Picha mnato huwekwa ndani ya folda iitwayo DCIM, jina ambalo karibu kila kamera ya kidijitali hulitumia. Video hukaa kwingine kabisa: ndani ya folda ya PRIVATE, AVCHD au SD_VIDEO, kutegemea kampuni na mwaka. Anayefungua kadi, akaiona DCIM yenye picha, akazinakili na kuridhika, anaweza kuifuta kadi huku saa nzima ya harusi ikiwa katika folda ambayo jina lake halimaanishi kitu kwake. Kinyume chake pia hutokea. Njia ya salama ni kunakili kadi nzima jinsi ilivyo, pamoja na folda zinazoonekana tupu au za ajabu, na kuchambua baadaye.

Mtego wa pili umo katika mpangilio wa mashine. Kamera zenye kumbukumbu ya ndani zilimwezesha mwenye nayo kuamua video iende wapi na picha ziende wapi, na maamuzi hayo mawili hayakuhusiana. Kadi ikiwa tupu, haimaanishi kwamba picha hazipo. Huenda zimo ndani ya mashine yenyewe. Hapo betri iliyokufa haipaswi kuwa kisingizio cha kuitupa kamera, kwa kuwa nyingi hufanya kazi zikiunganishwa moja kwa moja na chaja yake, na waya wa USB hutosha kuzitoa picha.

Jinsi ya kuzitoa bila kuziharibu

Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni. Kikisukumwa upande wa LOCK, kompyuta inaweza kusoma kadi lakini haiandiki kitu juu yake. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kadi kuingizwa popote.

La pili ni kujizuia. Kompyuta au kamera ikiuliza kama kadi ifomatiwe, jibu ni hapana, hata kama swali limerudiwa mara tatu. Mara nyingi swali hilo huja kwa sababu kisomaji hakiielewi kadi, na kadi yenyewe ni nzima. Kadi za SD za kwanza zilikuwa na nafasi isiyozidi gigabaiti 2. Aina ya SDHC, ya hadi gigabaiti 32, ilitangazwa mwaka 2006, na SDXC ikafuata mwaka 2009. Visomaji vya sasa husoma kadi za zamani, lakini kamera na visomaji vya zamani havizitambui kadi mpya. Ndiyo maana anayenunua kadi kubwa leo na kuiweka katika kamera ya mwaka 2004 huambiwa kuna hitilafu. Memory Stick inahitaji kisomaji chake au kiunganishi maalumu, na bado vinapatikana.

Ikiwa vumbi limeingia kwenye vibamba vya dhahabu vya kadi, kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kinatosha. Maji, spiriti ya dukani na mate, ingawa ni desturi ya mafundi wengi, viachwe.

Picha zilizofutwa zinaweza bado kuwepo. Mashine inapofuta picha haifuti picha yenyewe. Hufuta tu mstari wake katika orodha, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi iliyofutwa kwa bahati mbaya isitumike tena hata kwa picha moja. Programu ya bure ya PhotoRec hupekua kadi na kuzikusanya picha ambazo hazijaandikiwa juu, na kile inachokipata kihifadhiwe kwenye kompyuta, si kwenye kadi ile ile. Mtu asiyezoea kompyuta afadhali amwombe kijana wa jirani anayejua, au aulize katika maktaba ya umma. Baadhi ya maktaba nchini Australia zina vifaa vya kuhamisha kanda na picha za zamani.

Muda nao haukai ukisubiri. Kadi huhifadhi picha kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya chembe zake, na chaji hizo huvuja polepole, hasa mahali penye joto. Juba hupita nyuzi joto 35 kwa siku nyingi za kiangazi, na kadi iliyokaa miaka kumi na mitano katika sanduku la bati chini ya paa la mabati imepata joto la kutosha. Kanda za Mini DV nazo huchakaa, na mashine za kuzicheza zinapungua kila mwaka.

Tarehe inayosema uongo

Kwa kawaida picha ya JPEG iliyotoka kwenye kamera hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa. Katika picha za kamera za video, tarehe hiyo haiaminiki sana. Saa ya kamera huendeshwa na betri ndogo iliyojengwa ndani, ambayo hujichaji mashine inapounganishwa na umeme. Kamera ikikaa kabatini miezi kadhaa, betri hiyo huisha, na saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, kwa kawaida tarehe mosi Januari ya mwaka ilipoundwa. Wengi waliiruka hatua ya kuiweka upya. Matokeo yake ni picha za sherehe za uhuru zinazodai kupigwa miaka mitatu kabla ya uhuru.

Saa yenyewe ina utata zaidi. Sudan ilihamia saa za Afrika Mashariki mwezi Januari 2000, na Sudan Kusini ikaendelea nazo hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo Juba na Nairobi, zilizokuwa zikisoma saa sawa mwaka 2011, hazisomi sawa leo, na kamera iliyoletwa kutoka Melbourne bila kubadilishwa saa huonyesha usiku wa manane picha zilizopigwa alasiri.

Huo ungekuwa udadisi tu, kama picha zisingekuwa na kazi nyingine. Picha za pamoja ni miongoni mwa vielelezo ambavyo waombaji wa viza ya mwenzi nchini Australia huviwasilisha kuonyesha uhusiano wao, na faili yenye tarehe isiyolingana na maelezo ya mwombaji inaweza kuzua maswali. Kishawishi cha kuibadilisha tarehe kwa programu ni kikubwa, lakini ni kishawishi kibaya: faili iliyorekebishwa inaweza kuacha alama, na kilichokuwa kosa la saa huanza kuonekana kama udanganyifu. Ni afadhali kuiacha faili ilivyo, kueleza kwa maandishi kwamba saa ya kamera ilikuwa imekosea, na kuonyesha kitu ndani ya picha kinachothibitisha wakati wake, kama bango la kura ya maoni au kadi ya mwaliko wa harusi. Mwenye ombi linaloendelea amwulize wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Picha husaidia pia katika kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Msalaba Mwekundu wa Australia hutoa, bila malipo, huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, maafa au uhamaji. Anayemtafuta kaka aliyeonekana mara ya mwisho Juba mwaka 2013 hupewa nafasi nzuri zaidi akiwa na sura ya kuonyesha, hata ikiwa ndogo kama picha ya pasipoti.

Anayekwenda Juba na kamera leo

Wapo wanaoendelea kuzitumia kamera za video, na wapo watakaosafiri nazo. Kupiga picha katika maeneo ya umma Sudan Kusini kunahitaji kibali cha serikali, na hata mwenye kibali haruhusiwi kuelekeza lenzi kwa askari, uwanja wa ndege, daraja la Mto Nile au majengo ya serikali. Watu wamekamatwa na vifaa vyao kuchukuliwa. Kamera ya video huvutia macho kuliko simu, kwa kuwa hufanana na kifaa cha mwandishi wa habari. Aliyealikwa harusini Malakia hubaki salama zaidi akiitoa kamera ndani ya ua, baada ya kuwaomba ruhusa wazee wa nyumba, na kuirudisha begini kabla ya kutoka barabarani.

Picha za zamani zinahitaji tahadhari yake. Mtu aliyepigwa picha mwaka 2011 akiwa amevaa sare au ameshika bango la chama huenda leo anaishi mahali ambapo picha hiyo ingemletea madhara. Kuituma kwa ndugu mmoja si sawa na kuiweka Facebook, na ikishawekwa hairudi.

Katika kutuma, udogo wa picha hizi hugeuka kuwa neema. Picha ya pikseli 640 kwa 480 huwa na kilobaiti mia moja au mia mbili tu, na hufika Juba hata kwa mtandao dhaifu na kifurushi kidogo cha data. Lakini WhatsApp huibana kila picha inayotumwa kwa njia ya kawaida na kuiondolea tarehe yake, na picha iliyokwisha kuwa hafifu haina cha kupoteza. Ikitumwa kama hati badala ya picha, hufika kama ilivyo.

Na kuna sababu ya kuituma Juba kabla ya kwingine kokote. Kijana aliyezaliwa Dandenong au Blacktown anaiona picha ya watu kumi na wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, na anamjua mmoja. Waliobaki kumi na mmoja wanajulikana na wazee walioko Malakia, Kampala au Kakuma, na baadhi ya wazee hao wana umri wa miaka zaidi ya themanini. Mzee akipigiwa simu huku picha ikiwa mbele yake, mjukuu aandike anachosikia, kuanzia kushoto kwenda kulia: jina la mtu, jina la baba yake, nyumba ilikuwa upande gani wa soko. Maelezo hayo yahifadhiwe katika folda moja na picha, kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili iliyo katika nyumba nyingine.